Nywele Nyeusi za Mzee Ngumbao

Harufu ya piko huanza na muwasho. Ukiipasua pakiti, unga mweusi hupanda puani kama pilipili iliyoanguka motoni, kisha ukiutia maji hutoka harufu nyingine, nzito na kali, kama yai viza lililosahauliwa ndani ya sanduku la viatu vipya. Hiyo ndiyo harufu ya Jumamosi zangu za utotoni. Watoto wenzangu pale Kakuyuni walikwenda kuteka maji, kutafuta kuni na kuokota korosho. Mimi nikishamaliza hayo nilikuwa na kazi moja zaidi, ambayo sikupata kuisema shuleni. Nilimpaka tsawe rangi ya nywele. Tsawe ndivyo tunavyomwita babu kwetu, na tsawe yangu, Mzee Kazungu, aliketi nyuma ya jiko kwenye kiti chake cha miguu mitatu, kitambaa kikuukuu mabegani, akaniinamishia kichwa kama mtoto anayekogeshwa. Nilikoroga piko ndani ya kifuu cha nazi, nikachovya mswaki mzee, nikapaka kuanzia kisogoni kuja mbele, halafu ndevu, halafu nyusi kwa ncha ya kidole. Kuku walikuja wakatutazama, wakaenda zao. Rangi ilipokauka nilimmwagia maji ya kisima, yakashuka meusi shingoni mwake na kuingia mchangani, na pale mchangani pakabaki doa ambalo halikutoka mpaka mvua za masika.

Nilikuwa na miaka kumi, na sikuelewa kwa nini mtu mzima aziogope nywele zake mwenyewe. Shuleni mwalimu alituandikisha ubaoni kwamba penye wazee haliharibiki neno. Nilirudi nyumbani na daftari lenye maneno hayo, nikamkuta mzee wangu akijificha asionekane mzee. Mambo hayo mawili sikuweza kuyaweka pamoja kichwani. Nilichojua ni kile nilichosikia watu wazima wakikisema kwa sauti ya chini. Kwetu, mtoto akifa kwa homa, au ng'ombe akianguka, au pikipiki ikipinduka na dereva, kuna watu ambao hawaulizi dawa wala dereva, huuliza nani ana mvi. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani alikutwa asubuhi shambani kwake amekatwakatwa. Walisema alikuwa mchawi. Udongo wa kaburi lake haujashikana vizuri, wanawe walikuwa wameshaweka vigingi shambani. Mwezi ule ule tsawe alianza kupaka piko, na mimi, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa midogo na sikuwa msemaji, nikapewa kazi.

Pakiti zile zililetwa na Baba mdogo Katana, mtoto wa ndugu yake tsawe, aliyefanya kazi katika duka la mabati mjini Malindi. Alikuja kila mwisho wa mwezi, akaniletea mandazi yaliyofungwa kwenye gazeti, akampa tsawe pakiti mbili. "Paka, Baba," alikuwa akisema. "Watu wana maneno." Nilimpenda Baba mdogo Katana. Alikuwa mcheshi, alijua kuiga sauti ya kila mtu kijijini, na mandazi yake yalikuwa na iliki. Lakini pia ndiye aliyekuwa akiomba akatiwe sehemu ya shamba letu iliyopakana na barabara, ajenge vibanda vya kupangisha, na tsawe alimjibu kila mara kwamba mikorosho ile ilipandwa na babake, haikatwi yeye akiwa hai. Tsawe alizipokea pakiti kwa mikono miwili, akashukuru. Mgeni akishaondoka alizitazama kwa muda, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," kisha akamega andazi akanipa nusu, akala nusu. Sikujua kama piko lile lilikuwa zawadi au onyo. Nadhani hata tsawe hakujua. Tulilitumia.

Mzee Ngumbao alifika kwetu mara ya kwanza kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa kamba ya mkonge isiingie kwenye mnyororo. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote, ndevu nyeupe, hata nywele za masikio nyeupe, na hakuvaa kofia. Katika ujana wake alikuwa mshika mnyororo wa wapimaji ardhi. Alitembea porini miaka mingi, yeye upande huu wa mnyororo na mwenziwe upande ule, akizika mawe ya mipaka. Alipostaafu angeweza kukaa nyumbani akafuga mbuzi, lakini alianza kazi isiyo na mshahara. Akisikia mzee ametishwa, alikwenda akamchukua, akampeleka kwa ndugu wa mbali au kwenye nyumba aliyoijua yeye, kisha akaenda kituo cha polisi, kisha mahakamani Malindi, akakaa kwenye benchi la nyuma kila kesi ilipotajwa mpaka makarani wakamzoea. Watu walimwita mtetezi wa haki. Wengine walimwita mtetezi wa wachawi, tena mbele yake, naye alikuwa akiitika.

Yeye na tsawe walikuwa rika moja, na watu wa rika hawaoneani haya. Siku ile alisimamisha baiskeli, akamwona tsawe amekaa na kichwa kibichi cha piko, akacheka mpaka akashika kiuno. "Kazungu! Umepakwa ukapakika. Usilale karibu na jiko, watakuamkia na jivu wakusugue wakidhani sufuria."

"Cheka tu," tsawe akamjibu. "Wewe mvi zako za pensheni. Zangu mimi zitaitwa za mizimu."

"Mimi nimevuta mnyororo nchi hii yote, bwana, na nikuambie kitu. Sijapima shamba la mchawi likawa baya hata moja. Wachawi wote wana ardhi nzuri. Yule maskini asiye na hata mahali pa kufunga kuku, mbona yeye harogi?"

Mimi nilikuwa nimeshika kifuu, nimejibanza ukutani. Mzee Ngumbao aliniona, nikamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo haikutoka, naye akaitika marahaba kama kwamba imetoka. Akanitazama mikono. "Na huyu vidole vyake navyo vina kesi gani?" akauliza. Nilivificha nyuma ya gauni. Tsawe aliniangalia pale nilipovificha, na nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekumbuka kitu kibaya alichokisema kwa mtoto. Jumamosi iliyofuata hakuniita.

Walikubaliana wazee saba, tsawe na Mzee Ngumbao wakiwamo, kwamba piko sasa basi. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuota mvi peke yake, maana ukiacha piko nywele hutoka nusu nyeupe nusu nyeusi, na hakuna njia ya kulificha hilo. Basi Mzee Ngumbao akasema wanyoe wote siku moja, waanze sawa, hata yeye ambaye hakuwa na haja. Walikusanyika kwenye banda la kupimia korosho, wakakaa mstari mmoja juu ya magunia, na kinyozi mmoja mwenye wembe akaanza upande huu akaishia upande ule. Walisahau jambo moja ambalo mtu wa kwetu hapaswi kulisahau. Kwetu wazee hawanyolewi pamoja ila matanga yanapoondolewa. Mama Dama, jirani yetu, alikuwa akitoka kisimani na ndoo kichwani. Akaona vichwa saba vinang'aa vimepangwa kama mayai. Ndoo ikaanguka. "Nani? Jamani, nani tena?" akapiga yowe, na yowe likapokewa nyumba ya pili na ya tatu, na kabla wazee hawajapangusa nywele mabegani watu walikuwa wameshafika mbio, wanawake wamejifunga leso viunoni, na bwana mmoja amebeba debe la unga wa mahindi kwa ajili ya msiba. Mzee Ngumbao alisimama juu ya gunia. "Ni kweli tumefiwa," akasema. "Kuna muoga mmoja alikuwa akiishi vichwani mwetu. Amekufa leo. Hakuacha mjane." Wengine walicheka, wengine walikasirika kwamba kifo hakitaniwi. Mama Dama alidai ndoo yake. Lakini unga ukishatoka nyumbani kwa ajili ya msiba haurudi, basi ukasongwa sima pale pale bandani, watu wakala, na mimi nikala sima ya matanga ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Baada ya wiki chache vichwa vile vilianza kuota, vyote vyeupe, kama sufi inapopasuka mtini. Nilimwona tsawe akivuka uwanja wa shule kwa kichwa kile, polepole, mikono nyuma, na watoto wa darasa langu wakaacha mpira wakamtazama. Nilitaka kuona fahari, lakini kilichonijia ni hofu. Baba mdogo Katana alikuja mwisho wa mwezi, akakuta kichwa cheupe, akaweka mandazi chini bila kuiga sauti ya mtu yeyote. "Huyo Ngumbao wenu anakula mahali," akasema. "Siku atakapowaacha jangwani msinililie mimi." Siku hiyo hakuleta pakiti. Lakini asubuhi moja, kama wiki mbili mbele, tulifungua mlango tukakuta pakiti moja ya piko imewekwa kizingitini, imekandamizwa na jiwe. Haikuwa na barua. Tsawe aliitazama bila kuinama. Kisha akaniambia niichomeke juu darini, kwenye makuti, upande wa jikoni. Hakuniambia kwa nini tusiitupe.

Wakati wa likizo, siku moja alasiri, tsawe alikuwa amekwenda Malindi kuonwa macho, na mama alikuwa shambani. Mimi nilikuwa nikibangua korosho peke yangu. Mzee Ngumbao akaja kwa miguu. Hakuwa na baiskeli, na alikuja kwa njia ya nyuma, ile inayopita kwenye mihogo. Nilimwamkia, nikamwambia tsawe hayupo. Akasema anajua. Alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu, akawa anatazama moshi wa jiko. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mbeyu, ile kazi yako ya Jumamosi, bado waijua?"

Nilidhani ananitania. Niliinamia korosho zangu. Akarudia. Nikasema naijua.

"Basi nifanyie, mama. Usiniulize, nami sitakudanganya."

Nilipanda juu ya kinu, nikaichomoa pakiti ile kwenye makuti. Ninakumbuka kwamba mikono yangu ilifanya kazi kuliko akili. Nilikoroga, nikachovya, nikaanza kisogoni. Nywele zake zilikuwa laini kuliko za tsawe, na kichwani, juu ya sikio la kulia, palikuwa na kovu refu ambalo nywele hazikuota. Hapo sikupaka, nikamwacha kama alivyo. Moyoni maneno yalikuwa mengi. Huyu ndiye aliyesimama juu ya gunia. Huyu ndiye aliyesema muoga amekufa. Nilitaka kumuuliza, lakini mimi ni mtu ambaye swali likifika kooni hukaa pale pale likapoa. Nadhani aliyasikia mawazo yangu kupitia vidole, kwa sababu alisema, kichwa bado kimeinama, "Nakwenda mahali ambapo kichwa hiki kimenitangulia." Nilipommwagia maji alijitazama kwenye kioo kidogo cha tsawe, akacheka kile kicheko chake cha kushika kiuno, ila kifupi. "Ona," akasema. "Sasa nafanana na yule mwizi wa mbuzi wa mjomba wangu." Akafuta shingo. Pale mlangoni akageuka. "Usimwambie tsawe yako. Nitakuja kumwambia mwenyewe." Akaenda kwa njia ya mihogo, na kwa nyuma mtu angemdhani kijana.

Siku ya tatu habari zilifika. Mzee Ngumbao amekutwa kando ya barabara ya lami, kati ya Kilifi na Malindi, asubuhi, amekufa. Waliosema ajali walisema aligongwa na gari lisilosimama. Waliosema si ajali walisema majeraha yale hayakuwa ya gari. Mwingine akasema ni moyo tu, mzee alikuwa hapumziki. Binti yake alizunguka kituo hadi hospitali, hospitali hadi kituo, akaandikisha, akaambiwa asubiri, na ninavyojua mimi hajaitwa mpaka leo. Watu huniuliza, wakijua nilimfahamu, alikufaje. Sijui. Ninajua alivyokuwa siku mbili kabla, basi.

Msiba ulikuwa mkubwa. Walikuja watu wa kanisani kwao, walikuja Waislamu wa mjini ambao aliwasaidia kesi za mashamba, walikuja wazee wa porini wasiojua kusoma wakiwa na mvi zao wazi, wakakaa pamoja upande mmoja, na kwa mbali ulidhani kuna shuka jeupe limetandikwa. Wale sita waliobaki walikaa mbele. Jeneza lilikuwa na kidirisha cha kioo upande wa kichwa. Kwaya ilianza, watu wakapanga mstari wa kuaga. Wa kwanza kufika alitazama, akarudi nyuma hatua moja, akatazama tena. Kisha wa pili. Kisha nikasikia ule mvumo wa watu wengi wanaoulizana jambo moja kwa pua. Nywele zake ni nyeusi. Ndevu zake ni nyeusi. Mmoja akasema maadui wamempaka maiti ili kumwaibisha. Binti yake akasema ndivyo alivyokutwa. Mwingine akasema, basi alikuwa akipaka siku zote, zile nyeupe ndizo zilikuwa za uongo, jambo ambalo halina hata maana, lakini msibani maneno hayahitaji maana. Nyuma yangu nikamsikia Baba mdogo Katana. Hakucheka kama nilivyotarajia. Alisema taratibu, kama aliyechoka, "Hata yeye." Niliona wazee wale sita wanavyoondoka mmoja mmoja mbele ya kile kioo, na kila aliyeondoka alikuwa mfupi kidogo kuliko alivyofika. Mmoja alichukua kofia ya mjukuu wake akaivaa pale pale.

Mimi nilikuwa nimevikunja vidole ndani ya leso ya mama. Ngozi ilikuwa imeshatakata, lakini kucha zilikuwa nyeusi hadi kwenye nyama. Nyumbani hakuna aliyeuliza, kwa kuwa msimu wa korosho kila mtoto ana vidole vyeusi, mafuta ya maganda huchoma na kutia weusi. Nilisimama pale na jibu la swali la watu wote, nami nikaogopa kulitoa. Ningesema nini? Ningesema nilimpaka mimi? Wangeuliza kwa nini, nami sikujua kwa nini. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kuna jambo moja zaidi la siku ile. Karibu na mwisho wa mstari alikuja bibi kizee mmoja aliyeshikwa mkono na mwanamke wa makamo. Hakuna aliyewajua. Walisema wametoka ng'ambo ya daraja la Kilifi, upande wa Mnarani, na wametoka alfajiri. Bibi alikuwa amejifunika leso, na chini ya leso mvi zilichungulia. Wote waliofika kwenye kioo walishtuka, yeye hakushtuka. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa, akapangusa ukungu wa pumzi yake kwa kiganja, akasema, "Ndiye. Ndiye huyu huyu." Mwanamke yule akamwondoa. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwao. Nilisikia, na nilitaka kumkimbilia nimuulize, bibi, ulimwona lini, alikuja kwako na kichwa kipi? Swali likafika kooni likakaa. Nilipopata nguvu ya kuondoka mahali pale walikuwa wameshapanda gari. Sikupata kumwona tena, na mpaka leo sijui kama nilielewa nilichokisikia, au kama nilikisikia vile kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

Jioni ile, kabla jua halijazama, tsawe alikaa nyuma ya jiko akajitandika kitambaa mabegani. Hakuwa amefanya hivyo tangu siku ya wembe. Alikuwa amerudi msibani na wenzake wawili, na njiani nilisikia mmoja akisema kesho asubuhi anatuma mtu dukani. "Mbeyu," tsawe akaita. "Ile pakiti. Iteremshe."

Nilipanda juu ya kinu, nikapapasa makuti mahali ambapo nilijua hapana kitu. Nilipapasa muda mrefu. Vumbi liliniingia machoni, nikashukuru, maana lilinipa sababu ya machozi. "Haipo," nikasema.

"Panya hawali piko. Shuka."

Nikashuka. Akasema nimpe mkono. Akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, akatazama kucha moja baada ya nyingine, kama anayesoma. Kisha akapitisha kidole gumba chake kwenye ngozi ya vidole vyangu. "Hii si korosho," akasema. "Mtu wa korosho hubambuka. Wewe hukubambuka." Hakuuachia mkono. Kuku walikuwa wakiingia bandani. Nilisubiri anipige au apige kelele, na vyote viwili havikuja.

"Alikaa wapi?"

"Hapo ulipokaa."

"Alikuwa akitetemeka?"

Nilifikiri sana kabla ya kujibu, maana nilijua jibu langu litafanya kitu. "Alicheka," nikasema. "Alijitazama kwenye kioo akacheka. Na alisema nisikwambie. Alisema atakuja kukwambia mwenyewe."

Tsawe akakivuta kile kitambaa mabegani, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani. "Basi," akasema, "nitamngoja."

Hakupaka siku ile, wala kesho yake, wala Jumamosi yoyote baada yake. Lakini hakuwaambia wale wenzake, na mimi sikuwaambia. Watatu walirudia piko wiki ile ile. Mmoja alihamia kwa bintiye Mombasa akafia huko. Mmoja aliendelea na mvi mpaka usiku mmoja walipomchomea nyumba, akatoka salama, na tangu hapo akavaa kofia hata anapolala. Huwa najiuliza, lau ningesimama juu ya gunia siku ile nikasema yale machache niliyoyajua, wangebaki? Au wangeelewa kinyume, kwamba hata mbele ya mtoto alikiri hofu yake? Nikimfikiria anakwenda kumtoa yule bibi mahali ambapo watu wanamvizia mzee mwenye kichwa cheupe, namwona shujaa. Nikikumbuka alivyokuja kwa njia ya mihogo na kukaa akitazama moshi, namwona mzee aliyechoka kuogopa peke yake. Nimejaribu kuwaweka hao wawili ndani ya kichwa kimoja, chenye kovu juu ya sikio la kulia. Huwa wanakaa kidogo, kisha mmoja anatoka.

Mimi nilikomea darasa la nane. Sasa nafanya kazi katika saluni ndogo hapa Barani, Malindi, na riziki yangu inatokana na kile kile nilichojifunza nyuma ya jiko, ingawa siku hizi rangi huja ndani ya chupa, ina harufu ya matunda, na mteja hupewa kioo kikubwa. Vijana hupaka wekundu na manjano kwa raha zao. Wazee nao huja, kutoka Kakuyuni na mbali zaidi, huletwa na wajukuu, na hao hawatazami kioo. Nilidhani nitakapokuwa mtu mzima jambo hilo litakuwa limekwisha. Halijaisha. Mwaka jana aliingia Baba mdogo Katana. Ndevu zake zilikuwa nyeupe na mkono wake mmoja ulikuwa ukicheza. Hakuwa na mandazi. Alikaa kitini, akajaribu kuiga sauti ya mwenye saluni ili anichekeshe, ikamshinda katikati. "Nipake, mwanangu," akasema. "Wanangu wamekua. Watu wana maneno." Nilimtazama kwenye kioo nikitafuta ndani ya uso ule mtu aliyeweka pakiti chini ya jiwe, na sikumwona, na sikuona pia kwamba hayupo. Nilimpaka. Nilianza kisogoni kuja mbele, nikamalizia nyusi kwa ncha ya kidole. Alipotaka kulipa nikakataa, na sijui hata hilo nililifanya kwa huruma au kwa kitu kingine.

Tsawe yu hai. Mikorosho bado imesimama hadi barabarani. Yeye sasa amekuwa mdogo kama mtoto, na siku zimechanganyika kichwani mwake, za jana na za zamani ziko pamoja. Jumamosi nikipata ruhusa huenda Kakuyuni, nikamtoa nje hadi nyuma ya jiko, nikamkalisha kwenye kiti kile cha miguu mitatu na kumtandika kitambaa mabegani. Huinama mwenyewe, bila kuambiwa. Nywele zimebaki chache, nyeupe, nyepesi, ukizilowesha huonekana ngozi. Huwa ananiuliza swali lile lile, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chai imechemka.

"Ngumbao hajafika?"

"Bado, tsawe."

"Basi tumngoje."

Ninammiminia maji ya kisima. Yanashuka shingoni mwake meupe, yanaingia mchangani, na hayaachi doa.